Kung'arisha Rangi ya Gari: Mashine Gani kwa Rangi Gani

Vumbi la Bonde la Ufa lina ukali wake. Ukitoka Naivasha ukapita Gilgil na Elementaita hadi Nakuru, unakanyaga majivu na mawe mepesi yaliyotapikwa na volkano, Longonot upande huu na Menengai upande ule. Kariandusi, kando ya barabara kuu, huchimbwa diatomiti, udongo mweupe wa maganda ya silika yaliyoachwa na viumbe vidogo vya ziwa la kale. Udongo wa aina hiyo hutiwa hata katika baadhi ya dawa za kung'arishia vyuma. Na waliofuata Safari Rally tangu mashindano ya dunia yaliporudi Naivasha mwaka wa 2021 wameona vumbi la fesh-fesh, lile laini kama unga, linavyoingia kila mahali.

Sasa dereva anaamka asubuhi, anakuta boneti imefunikwa na vumbi hilo, anachukua kitambaa kikavu na kuipangusa. Akifanya hivyo mwaka mzima, gari jeusi au la buluu likisimama juani litaonyesha maelfu ya mikwaruzo midogo iliyouzunguka mwanga wa jua. Hapo ndipo watu hukimbilia mashine ya polishi, na hapo ndipo rangi nyingi nzuri huharibiwa kabisa.

Neno la kwanza la mwongozo huu ni hili: kila mashine hung'arisha kwa kupunguza rangi. Kabla ya kuuliza mashine ipi ina nguvu, uliza rangi yako ina kiasi gani cha kupoteza.

Jua kwanza unachokata

Gari lililopakwa rangi kiwandani huwa na tabaka nne juu ya bati: praima ya kuzuia kutu, praima ya kusawazisha, rangi yenyewe, na juu kabisa klia, koti lisilo na rangi. Zote pamoja kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 180. Maikroni 1,000 ndizo milimita moja. Klia peke yake huwa maikroni 35 hadi 50 hivi, na mng'aro wote unaouona, pamoja na kinga dhidi ya jua, umo humo.

Mikwaruzo ya kitambaa hukaa katika maikroni chache za juu. Mashine huiondoa kwa kuishusha klia yote hadi ilingane na kina cha mkwaruzo. Klia iliyoondoka haina kurudi. Nta hufunika tu.

Hesabu hii ina uzito zaidi kwetu. Nakuru iko karibu sana na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, na ukali wa miale ya urujuanimno huongezeka kadiri unavyopanda juu. Klia nyembamba hapa hupauka na kubambuka mapema. Tena magari yetu mengi ni yaliyotumika Japani. Kanuni za Kenya zinakubali gari lisilozidi miaka minane, kwa hiyo linaposhuka bandarini Mombasa huenda limeoshwa miaka saba mfululizo. Mara nyingi limepigwa polishi kabla ya kusafirishwa, na likapigwa tena kwenye yadi ili likuvutie. Gari unaloliona jipya machoni huenda limeshatumia sehemu kubwa ya klia yake.

Dawa ya kubahatisha ni kipimo cha unene wa rangi, kifaa kidogo unachokigusisha kwenye bati kikakupa namba. Pima kila paneli mahali kadhaa. Ukisoma 100 hadi 180, huenda ni rangi ya kiwandani. Ukisoma 250 au zaidi, paneli hiyo ilipakwa tena, na ikifika 500 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa wa puti chini yake. Ukisoma chini ya 80 au 90, iache mashine. Osha, tia nta, ridhika. Kumbuka kwamba vipimo vya kawaida husoma juu ya chuma, si juu ya bampa la plastiki.

Kuna jaribio jingine lisilohitaji kifaa. Tia polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, usugue mahali pasipoonekana kwa urahisi. Kitambaa kikishika rangi ya gari, basi hakuna klia: ni rangi ya tabaka moja, ya aina inayopatikana kwenye magari ya zamani na kwenye lori na matatu nyingi zilizopakwa rangi gereji. Inang'arika vizuri, lakini ukizidisha utafika kwenye praima. Na kama una hakika gari lina klia, kisha pedi ikaanza kubeba rangi, zima mashine hapohapo. Klia imetoboka, na dawa iliyobaki ni ya fundi wa rangi.

Rotari

Hii ndiyo mashine kongwe, na ndiyo utakayoikuta kwenye gereji nyingi za rangi. Mota huizungusha pedi kwenye mhimili mmoja, bila kuhama. Mfano unaojulikana ni Makita 9237C, inayobeba pedi ya milimita 180 na kwenda kati ya mizunguko 600 na 3,200 hivi kwa dakika.

Chukua hesabu ndogo. Pedi ya milimita 180 ikienda mizunguko 2,000 kwa dakika, ukingo wake unasafiri karibu mita 19 kila sekunde, ilhali katikati ya pedi pamesimama karibu tuli. Msuguano wote uko ukingoni, nao huzaa joto. Kwa sababu hiyo rotari hukata haraka: huondoa alama za msasa namba 1500 au 2000 baada ya gari kupakwa rangi, hulainisha vinundu vya rangi iliyopulizwa vibaya, na hupambana na klia ngumu bila kuchoka.

Ubaya wake una chanzo hichohicho. Ukiisimamisha mahali pamoja kwa sekunde chache, klia huungua. Kwenye bampa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu plastiki haisambazi joto jinsi bati linavyofanya. Na kwa kuwa chembe za kompaundi, ile dawa ya kukatia inayotiwa kwenye pedi, hukwaruza kwa mwelekeo mmoja, rotari huacha hologramu, ile mistari ya kivuli inayotembea juu ya rangi unapolizunguka gari juani. Kivulini gereji huioni. Utaiona kesho yake kwenye maegesho.

Ukiitumia, sambaza kompaundi kwa mizunguko 600 hadi 800, fanya kazi kati ya 1,000 na 1,500, na usiache kuitembeza. Ilaze karibu bapa. Ukifika kwenye ukingo wa mlango au mstari uliokunjwa wa boneti, hakikisha pedi inazunguka ikitoka nje ya ukingo, isizunguke ikiingia juu yake. Kingoni ndipo rangi ilipo nyembamba na ndipo uzito wote wa mashine unapoangukia. Afadhali uzibandike utepe wa karatasi wa mafundi wa rangi kabla hujaanza.

DA

Katika DA (dual action, yaani miendo miwili), sahani ya kushikia pedi imefungwa kando kidogo ya mhimili wa mota, juu ya beringi inayozunguka kwa uhuru. Mota ikienda, pedi nzima inachora viduara vidogo vya haraka, na papo hapo inajizungusha yenyewe polepole kwa msukumo wa beringi. Ile miendo miwili ndiyo iliyoipa jina. Mwendo wa kwanza unaufahamu jikoni: ukisugua sufuria, mkono wako huenda kwa viduara, lakini kiganja chenyewe hakigeuki.

Upana wa kiduara hicho ndio namba unayopaswa kuisoma kwenye boksi: milimita 8, 12, 15 au 21. Kampuni ya Rupes ya Italia ndiyo iliyozipa umaarufu mashine za viduara vipana kwa BigFoot zake za 15 na 21, na wengi wakafuata. Mashine ya milimita 15 ikipiga viduara 4,500 kwa dakika, pedi husafiri mita 3.5 hivi kwa sekunde. Ya milimita 21 kwa kasi hiyohiyo husafiri karibu mita 5. Linganisha na zile mita 19 za rotari, utaelewa kwa nini DA haichomi rangi kwa urahisi, na kwa nini inahitaji kupita mara nyingi zaidi. Na kwa kuwa mwelekeo wa chembe hubadilika kila wakati, haiachi hologramu.

Udhaifu wake ni kwamba ukiigandamiza sana, au pedi ikilala upande mmoja kwenye sehemu iliyopinda, ile beringi inasimama. Mashine itaendelea kutetemeka na kelele zake zote, lakini haikati kitu. Chora mstari mweusi kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa sahani. Ukiuona mstari unazunguka, kazi inafanyika. Ukisimama, punguza uzito wa mkono au nyoosha pedi.

Milimita 21 inafaa paneli pana na bapa: paa la Noah, ubavu wa Hiace, boneti ya Land Cruiser. Kwa saluni na hatchbeki zenye mapindo mengi, 15 ni rahisi kuiongoza. Ndogo ya pedi ya milimita 75 ni ya nguzo za milango, pembe za bampa na kuzunguka vitasa. Usibadilishe sahani kubwa kwa ndogo ovyo, kwa maana kizito cha ndani kilichosawazishwa kwa sahani ya kiwandani kitaitetemesha mashine na mikono yako.

DA ya gia

Hapa viduara vipo vilevile, lakini badala ya beringi huru kuna meno yanayoilazimisha pedi izunguke hata ukiigandamiza. Flex XC 3401 VRG ya Ujerumani, yenye kiduara cha milimita 8, ndiyo iliyojijengea jina. Makita PO5000C ina swichi ya kukuwezesha kuchagua, gia au uhuru, ndani ya mashine moja.

Aina hii hukata kwa uhakika kuliko DA ya kawaida, hasa kwenye mapindo ambako ile ingesimama. Inapasha joto zaidi, inavuta mkono upande mmoja, na inachosha mapema. Ni mashine nzuri ya pili, kwa aliyekwisha kuizoea ya kwanza.

Grainda na drili

Uzi wa grainda nyingi ni M14, sawa na wa rotari nyingi, kwa hiyo pedi ya polishi huingia bila shida. Hicho ndicho kishawishi. Grainda ya milimita 115 hukimbia karibu mizunguko 11,000 kwa dakika, na ukingo wake husafiri karibu mita 66 kwa sekunde. Rangi haina muda wa kukuonya. Hata grainda yenye kidhibiti cha kasi kwa kawaida haishuki hadi zile 1,000 unazozihitaji. Drili nayo haina mshiko wa kuilaza pedi bapa. Fundi akikujia na mojawapo, chukua funguo zako uende.

Gari lako na mashine yake

Kwa Probox au Fielder nyeupe ya kazi, DA ya milimita 15 na sponji ya ukali wa wastani, hatua moja tu, inatosha. Rangi nyeupe huficha mikwaruzo midogo, basi usiipunguze klia kwa kutafuta ukamilifu usioonekana.

Kwa Subaru au Honda nyeusi, ambazo rangi zake husifika kwa ulaini, tumia DA na sponji laini ya kumalizia. Rotari itaondoa mikwaruzo ndani ya dakika na kuacha hologramu zitakazokuchukua siku kuzifuta.

Mercedes-Benz ilianza kutumia klia ngumu yenye chembe za nano mwishoni mwa 2003. Hapo DA ya kawaida inaweza kuzunguka sana bila matunda. Tumia ya gia, au rotari katika mikono iliyozoea, kisha malizia kwa DA.

Kwa gari lililotoka kupakwa rangi gereji, rotari ina haki yake, ili kuondoa alama za msasa. Subiri rangi ikomae jinsi mtengenezaji alivyoelekeza kwenye kopo, kisha pita tena kwa DA. Fundi wa rangi anayemaliza kwa rotari peke yake ameacha kazi nusu.

Pedi na kompaundi

Mashine ileile hubadilika tabia kwa pedi. Sufu hukata zaidi, maikrofaiba hufuata, sponji ngumu baada yake, na sponji laini ni ya kumalizia. Usitegemee rangi ya sponji: ya njano ya kampuni moja inaweza kuwa kali na ya nyingine laini. Soma maelezo ya mtengenezaji.

Kompaundi nzuri hukata kwa chembe, mara nyingi za oksaidi ya alumini. Jihadhari na zile zenye mafuta na vijazio vingi. Hizo hujaza mkwaruzo badala ya kuuondoa. Gari hutoka liking'aa, na baada ya kuoshwa mara mbili au tatu mikwaruzo yote imerudi. Ili ujue ukweli, pangusa sehemu uliyoimaliza kwa pombe ya isopropili iliyochanganywa na maji, kisha uitazame kwa tochi. Usitumie spiriti ya duka la dawa, maana mara nyingine hutiwa mafuta yanayoacha utando.

Kazi yenyewe

1. Osha gari kwa maji mengi, kisha pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi wenye kilainishi, ili kuondoa lami na chembe zilizojikita. Pedi ikikamata chembe moja ya mchanga, itaizungusha juu ya boneti nzima.

2. Fanya kazi kivulini, bati likiwa baridi. Boneti iliyoegeshwa juani hukausha kompaundi kabla haijafanya kazi.

3. Chagua eneo la jaribio la sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti na uanze na mchanganyiko mpole kuliko yote: DA, sponji laini, polishi ya kumalizia. Ukiridhika, umemaliza kuchagua. Usiporidhika, badilisha kitu kimoja: kwanza kompaundi, kisha pedi, mwisho mashine.

4. Weka matone manne ya kompaundi kwenye pedi, yagusishe kwenye rangi, sambaza kwa kasi ya chini. Kisha panda hadi kasi ya 4 au 5 kwenye DA na uitembeze polepole, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia, kwenda na kurudi, kisha juu na chini. Mipito minne hadi sita inatosha.

5. Pangusa, piga tochi kutoka pembe mbalimbali, na urudie kipimo cha unene. Gusa bati kwa nyuma ya mkono: likikuunguza, umezidisha.

6. Safisha pedi kwa brashi kila baada ya eneo, na uibadilishe ikilowa au ikipata joto. Velkro ya nyuma ikiyeyuka, pedi huruka na sahani inaanguka juu ya rangi.

7. Waya uning'inize begani usiburute kwenye rangi, vaa miwani, vua pete na saa, na uchomoe plagi kabla ya kugusa pedi.

Sehemu ndogo ikibaki na mkwaruzo unaokamata ukucha, iache. Mkwaruzo wa kina hicho umekaribia kuimaliza klia au umeipita, na kuufukuza ni kuitoboa.

Ukienda kununua

Umeme wetu ni volti 240. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani ni ya volti 120, na bila transfoma itaungua siku ya kwanza. Watti nyingi kwenye kibandiko hazikuambii mengi. Tafuta kasi inayoanza chini na kupanda taratibu, kidhibiti kinachoshikilia kasi hiyo ukiigandamiza, na duka lenye makaa ya mota na sahani za akiba. Ikiwa ni ya mitumba, iwashe bila pedi: sahani ya DA izunguke bila kukwaruza, na ukiishika kwa mkono mashine ikiwa imezimwa isicheze kwenye beringi.

Kama unanunua moja tu, nunua DA ya milimita 15 na sahani ya inchi tano. Ndogo ya milimita 75 iwe ya pili. Rotari ingojee hadi uwe unapaka rangi, au mkono wako umekomaa kwenye bati la kujifunzia. Mlango mbovu kutoka kwa wauza vyuma chakavu ni shule nzuri kuliko gari la mteja.

Ili usirudie mapema

Usipanguse vumbi kavu kamwe. Limwagie gari maji mengi kwanza hadi mchanga ushuke, kisha osha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ukianzia paa na kumalizia chini ya milango. Matairi yawe na kitambaa chake. Maji ya visima vya Nakuru, yanayojulikana kwa floridi na madini mengine, huacha madoa yakikaukia juani, basi likaushe gari kwa taulo la maikrofaiba mara tu ukimaliza. Mahali unapooshewa gari, uliza kitambaa kimesuuziwa wapi kabla ya kugusa boneti yako. Kilichoanguka chini kikaokotwa kisirudi kwenye rangi. Gari likitunzwa hivyo, polishi moja nyepesi itakutosha miaka, na klia itakayobaki itamlinda hata atakayelinunua baada yako.